Usipeleke Jina Langu, Bosi

Mwanahawa, muuza kabichi wa Korogwe, alitaka pikapu ya mkopo kutoka kwa Bwana Kirenga, tajiri wa magari na friji. Kirenga alimcheka mbele ya wafanyakazi wake.

"Hujawahi kukopa popote, mama. Ofisi ya kumbukumbu za wakopaji haikujui kabisa. Gari nampa mwenye rekodi nzuri."

Mwanahawa akainamisha kichwa. "Basi nikopeshe friji tu, bosi. Ila nakusihi, jina langu usilipeleke kwenye ofisi hiyo. Nitaaibika."

Friji ni rahisi kumnyang'anya mtu, na hofu ya mteja ilimfurahisha sana Kirenga. "Nitalipeleka kila mwezi. Ukilipa watajua, usipolipa watajua."

"Nionee huruma, bosi."

"Kila mwezi, mama. Tena nitalipeleka mwenyewe."

Mwanahawa akaondoka na friji huku akijifuta machozi. Akawa anauza maji baridi na juisi ya ukwaju stendi, na kila mwezi alilipa kabla ya siku yake. Kila alipolipa alimbembeleza Kirenga aliache jina lake, na Kirenga akazidi kulipeleka.

Deni lilipokwisha, alirudi kuomba pikapu. Kirenga akafungua kompyuta atafute sababu ya kumkatalia, akakuta rekodi safi, haina hata doa.

"Nani amekusifia hivi?" akauliza, wafanyakazi wakichungulia.

"Ni wewe, bosi," alisema Mwanahawa, akinyoosha mkono apewe ufunguo. "Nilikukataza, hukusikia."