Visanduku na Mishale

Kwaru, kwaru, kwaru. Jogoo hajawika, na penseli ilikuwa ikikwaruza karatasi sebuleni. Bibi, fundi cherehani, akanyata hadi mlangoni. Mjukuu wake alikuwa ameinama mezani, anachora visanduku na kuviunganisha kwa mishale.

"Nimekwambia usome, wewe unachora?"

"Ndiyo kusoma kwenyewe, bibi. Mwalimu anatufundisha hivi kwa kompyuta."

Moyo wa bibi ukaingiwa na shaka. Shuleni mtoto huyu aliitwa Jiwe, kwa kuwa akiulizwa swali hunyamaza. Alikuwa amerudia darasa mwaka uliopita. Siku hiyo palikuwa na mtihani wa sayansi wa kujibu kwa mdomo, na akianguka angerudia tena. Bibi akawaza: mwalimu huyu amekwisha kukata tamaa, sasa anampumbaza mtoto kwa michoro, kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga kwa njuga. Akachukua kifutio, akafuta ukurasa mzima. Kisha akamkaririsha aya ya kitabu mara kumi, hadi jua likachomoza.

Hakuishia hapo. Aliifunika cherehani yake, akaongozana naye hadi shuleni. Mwalimu wa sayansi alimletea kiti, akakipangusa vumbi kwa leso yake mwenyewe. Bibi aliketi, lakini hakumwondolea mwalimu jicho. Ukarimu ukizidi, alijiambia, ujue pana jambo.

Zamu ya Jiwe ikafika. "Eleza safari ya damu mwilini," mwalimu alisema.

"Damu ni... damu ni kimiminika..." Aya ikamponyoka kama sabuni bafuni. Wenzake wakacheka chini kwa chini.

Mwalimu hakumkemea. Alimsogezea kompyuta. "Panga kwanza, ndipo useme. Kila mmoja hapa anaruhusiwa."

Programu ikafunguka, visanduku vitupu vikaonekana ukutani kwa mwanga wa projekta. Jiwe akaandika: moyo, mapafu, mwili. Akavuta mishale, myekundu kwa damu yenye hewa safi, ya buluu kwa iliyochoka. Kisha akaeleza yote bila kukwama.

"Anasoma ukutani huyo," bibi alisema. "Mashine ndiyo inayojua. Hebu izime tuone."

Mwalimu akaizima bila kununa. Ukuta ukabaki mtupu.

"Haya, mjukuu wangu. Njia ya kutoka moyoni kwenda mapafuni ikiziba, je?" Swali hilo halikuwamo katika aya waliyokariri.

Jiwe akafumba macho. Kidole chake kikachora hewani, kikasimama njiani. "Damu haitafika kuchukua hewa safi, bibi. Mwili mzima utachoka, hata kama moyo unapiga."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu aliandika alama, akamwonyesha mtoto: amefaulu.

Bibi akainama. "Mwalimu, alfajiri nilimfutia kazi yake yote. Nilidhani unamchezea."

"Ungeniuliza, mama, ningekuonyesha."

"Si ndiyo nimekuja kuuliza? Ila nilitanguliza kifutio."

Mwalimu akacheka, na bibi naye akacheka, machozi yakimlengalenga. Jiwe akamshika mkono. "Bibi, Alhamisi uje tena. Tutachora safari ya chakula tumboni."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Asubuhi nzima alikuwa akipapasa, akimdhania mwema kuwa mwizi. Kweli, usilolijua ni kama usiku wa giza.