Ngiri na Cheti cha Kobe

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmejaza mihogo mdomoni? Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa nimesikia. Hapo zamani za kale, ngiri alikimbia mkia chini, kama mnyama mwingine yeyote. Mnacheka? Ngojeni.

Wanyama walitaka daraja. Kazi yote akapewa Tembo, mkandarasi mkuu. Lakini Tembo hawezi kuchimba mashimo ya nguzo. Akiingia, hatoki! Basi akatangaza: "Natafuta mkandarasi mdogo wa kuchimba! Alete zabuni yake pamoja na cheti cha usalama. Atakayepata kazi nitampa makao kule mlimani!"

Ngiri akasikia. Moyo ukamdunda, du! du! du! Kila masika maji yaliingia shimoni kwake. Masika yaliyopita yalimbeba mwanawe, Kidundu, Ngiri akamdaka sikio. Aliitaka ile kazi kuliko chakula. Na ngiri, jamani, anapenda chakula!

Tatizo cheti. Cheti alikitoa Karani, yule ndege mwenye manyoya ya kalamu kisogoni, baada ya masomo ya asubuhi tatu. Ngiri akaenda asubuhi ya kwanza. Kesho yake akasahau. Akaanza upya. Akasahau tena. Ngiri, wanangu, humkimbia simba, akafika katikati ya njia akajiuliza, "Kwani nilikuwa nakimbia nini?"

Akaenda kwa Kobe.

"Kaka Kobe, niazime cheti chako."

"Utanipa nini?"

"Uyoga."

"Chukua."

Siku ya ukaguzi wa vyeti, mbele ya Tembo na wanyama wote, Karani akakisoma kile cheti. Akamtazama Ngiri. Akakisoma tena.

"Hapa pameandikwa, mwenye cheti ana gamba mgongoni."

"Analo... ninalo! Nimeliacha nyumbani."

"Gamba?"

"Linafuliwa, mzee."

Ngiri akatoka mbio, pata-pata-pata, akarudi amejifunga karai la zege mgongoni. Tembo akakohoa kuficha kicheko.

"Pameandikwa, jiwe likimwangukia halimdhuru."

Karani akaangusha jiwe. Ngoooo! Meno yote ya Ngiri yakagongana.

"Sijadhurika," akasema Ngiri, macho yote mawili yakitazama pua.

"Pameandikwa, huingiza kichwa ndani."

Ngiri akavuta shingo. Shingo yenyewe hana! Akavuta, akavuta, akapiga chafya. Kamba ikakatika, karai likabiringika, ngo-ngo-ngo, likamgonga Tembo ugokoni. Tembo akapiga baragumu. Ngiri akatimua mbio.

Akakimbia, akakimbia, akasimama. Kwani nakimbia nini? Akarudi polepole, anatabasamu.

"Shikamoo, Mzee Karani. Mimi Ngiri. Nasikia kuna kazi ya kuchimba."

"Wewe si Kobe?"

"Kobe! Mimi nafanana na Kobe?"

Wanyama wakaangua kicheko, kwa-kwa-kwa! Ndipo Ngiri akakumbuka. Aibu ikamshika, akalia kwelikweli. "Mzee, nikikosa kazi hii, mwanangu atakufa maji."

Karani akamhurumia, lakini masharti hakuyalegeza. "Shimo likiporomoka, ndani atakuwa nani?"

"Mimi."

"Na Kidundu atalelewa na cheti cha Kobe?"

Ngiri akajifuta machozi, akatikisa kichwa.

"Sanduku la zabuni linafungwa siku ya nne kuanzia kesho," akasema Karani. "Anza masomo kesho. Na huyo Kobe naye arudi darasani!"

Safari hii Bi Ngiri alimfunga mumewe kamba kwenye kisiki cha darasani. Akala hapo, akalala hapo, asubuhi zote tatu. Akaimbishwa: "Udongo ukilia, toka! Sababu utauliza juu!" Akapata cheti chake, akapata na kazi. Asije akakisahau, mkewe akakifunga mkiani.

Ngiri na vibarua wake wakachimba. Siku moja wote wakiwa shimoni, udongo ukalia: kwichi. Ngiri huyo! Mkia juu, cheti kinapepea. Vibarua wakaufuata ule mkia, mbio, mbio, mpaka juu. Ngiri akasimama.

"Kwani tunakimbia nini?"

Nyuma yao: PUUUU! Shimo lote likafukiwa.

Hakuna aliyeumia hata ukucha. Wakachimba upya, daraja likasimama. Masika yalipokuja, Kidundu alikuwa mlimani, mkavu, anatafuna uyoga. Na mpaka leo ngiri akikimbia husimamisha mkia. Anaonyesha cheti, hata kama hakumbuki ni cha nini.

Basi wanangu, na nyie wazazi mnaojifanya mmesinzia: nguo ya kuazima haisitiri matako, na cheti cha kuazima hakimkingi mtu shimoni. Ukitaka kazi, timiza masharti yake wewe mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Atakayeniuliza ilianzaje, huyo ni ngiri.