Mbuzi wa Mama Ndahani na Skrini ya Wakubwa

Viti vikigawiwa kwa vyeo, mgonjwa hukaa chini.

Mmeisikia jana kwenye kamati ya harusi, yule katibu alipoirusha katikati ya watu kisha akaketi, na leo mmenijia mniulize ni ya kabila gani. Si ya kabila lolote. Methali hii ilianza hivi, na akija mtu kuwaambia ni ya wahenga, mwulizeni wahenga hao walikuwa na kompyuta ngapi.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa karani wa masjala kwenye Ghala la Chanjo za Mifugo, miaka thelathini na moja, mpaka kidole hiki kikaota sugu ya muhuri. Kwa siku moja tulipokea baruapepe mia tatu: mialiko ya semina, nyaraka, matangazo ya waliopotelewa na vitambulisho. Katikati ya kelele hizo zilikuja barua za mabwana mifugo wa kata wakisema kwetu kuna ugonjwa, tuleteeni chanjo. Hizo ndizo zilizokuwa kazi yetu, na hizo ndizo zilizopotea.

Akaletwa binti mmoja fundi wa kompyuta, Nasikiwa, mwembamba, si mtu wa kucheka ovyo. Akatutengenezea chombo cha kuhesabu barua. Ukikifungua asubuhi, ukurasa mweupe kama sahani iliyooshwa. Juu kabisa namba moja kubwa: barua ngapi hazijajibiwa. Chini yake orodha: nani kaandika, anaomba nini, amengoja siku ngapi. Aliyengoja zaidi ndiye wa kwanza, na akipitisha siku tatu jina lake linageuka jekundu. Basi, hakuna kingine. Hata mimi niliyejifunza kompyuta kwa kuchungulia mabegani mwa watu nilikielewa kabla chai haijapoa. Kwa miezi minane hakuna bwana mifugo aliyengoja zaidi ya siku nne.

Sasa hilo ndilo lililotuponza. Chombo kilisifiwa, na kitu kikisifiwa ofisini kila mkubwa hutaka alama yake iwemo.

Mkuu wa usafiri akaomba grafu ya barua kwa siku za wiki. Akawekewa. Mkuu wa utumishi akataka kuona nani anajibu haraka na nani anachelewa. Akawekewa. Msemaji wa ghala akataka ramani yenye vitone vinavyowaka. Naibu meneja akataka duara la rangi saba. Alipoulizwa rangi hizo zitaonyesha nini, akasema hilo litaamuliwa baadaye. Na mimi, msinicheke, niliomba saa ya mishale. Sikuwa na haja nayo. Niliona wenzangu wana chao.

Kuongeza si dhambi. Kazi hukua, na chombo hukua nayo. Dhambi ilikuwa namna tulivyopanga. Pale ghalani kila kitu kilikwenda kwa itifaki: nani anapita mlangoni kwanza, nani anamiminiwa chai kwanza, nani anasaini juu ya nani. Kwa hiyo na skrini ikapangwa hivyo hivyo. Grafu ya mkuu wa idara haikuruhusiwa kukaa chini ya grafu ya msaidizi wake. Kila akipanda mtu cheo, grafu yake nayo ilipandishwa. Juu kabisa ikawekwa picha ya meneja, Bwana Kihwelo, na salamu zake za robo mwaka.

Na ile orodha ya barua zisizojibiwa? Iliombwa na masjala, na masjala haikuwa na mkuu. Ilikuwa na mimi. Ikateremka wiki hadi wiki, mwisho ikaondolewa ukurasa wa mbele na kutiwa nyuma ya kitufe kilichoandikwa Mengineyo, kama lile jambo la mwisho kwenye kikao, ambalo likifika watu wameshavaa kofia.

Nasikiwa alikataa. Nilikuwepo akisema, nilikuwa nimepeleka faili.

"Bwana Meneja, mtu husoma kuanzia juu. Juu tuweke kile anachokuja kukitafuta."

"Yaani duara la naibu wangu likae chini ya barua ya bwana mifugo wa kata?"

"Kama barua hiyo imengoja siku tano, ndiyo."

Bwana Kihwelo akatabasamu kama anayemwonea mtoto huruma. "Binti yangu, wewe umesoma kompyuta. Utumishi hujausoma."

Skrini ikajaa vitufe hata nzi akitua juu yake ripoti ilikuwa inafunguka yenyewe. Ukurasa ulichelewa kufunguka kiasi kwamba dereva wetu mmoja aliubofya akiwa na mchumba, ulipofunguka ana wajukuu. Kufika kwenye orodha ilikuwa mibofyo sita. Wiki ya kwanza niliibofya yote sita. Wiki ya pili nikawa naenda siku moja moja. Wiki ya tatu nikajiambia kama kuna jambo la maana, watapiga simu. Hilo ni langu, simwachii mtu.

Kikafika kikao cha kupanga upya ule ukurasa, mara ya tatu mwaka ule. Ajenda ilikuwa moja: kati ya grafu ya usafiri na grafu ya usambazaji, ipi ikae juu, kwa kuwa wakuu wake wawili walipandishwa cheo siku moja. Projekta inamulika ukutani, wakubwa saba wameketi, kila kiti kimebandikwa karatasi ya cheo. Hata viti vitupu vilikuwa na vyeo; wenyewe walikuwa safarini. Nasikiwa alisimama kando ya kompyuta. Mimi nilikuwa mlangoni, naandika muhtasari nikiwa wima.

Walikuwa saa ya pili ya ubishi mlango uliposukumwa. Akaingia mama wa makamo, vumbi mpaka kwenye nyusi, amebeba mbuzi aliyefungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Mbuzi macho yameganda tongo, pumzi zinakoroma.

"Mama, huku ni kikao," nikamwambia.

"Ndicho nilichokitafuta. Huko nje nimeambiwa wote mko kikaoni."

Akatazama viti. Akakisogelea kimoja kitupu, mkuu wa utumishi akakiwekea mkono. "Hicho ni cha Mkaguzi, mama." Akakigeukia kingine. "Hicho cha Katibu wa Kanda." Basi akatandika kanga sakafuni, akamlaza mbuzi wake, na yeye akachutama pembeni.

Bwana Kihwelo akainuka. "Mama, mnyama mgonjwa hatembezwi barabarani. Kuna karantini. Hujui?"

"Karantini nimefundishwa na bwana mifugo wetu, Chilongani. Kanifundisha na kusubiri. Akaniambia, Mama Ndahani, nimeandika ghalani, chanjo inakuja, tenga wazima na wagonjwa. Nikatenga. Akaandika tena. Akaandika mara ya tatu. Nilikuwa na mbuzi arobaini na sita, baba. Huyu ndiye wa mwisho katika wagonjwa. Wazima wamebaki kumi na wanane, na nimekuja kuwaombea hao."

"Hatujapokea barua yoyote," akasema naibu meneja.

"Itafuteni."

Hapo ndipo aibu ilipoanza, nami hasira ile sijaimaliza mpaka leo. Meneja akamnyang'anya Nasikiwa kipanya atafute mwenyewe mbele ya mgeni. Akabofya, ikafunguka picha yake. Akabofya tena, ramani ikawaka vitone kama sikukuu. Akabofya, duara la rangi saba likajaa ukutani na kuanza kuzunguka. Saa yangu ya mishale ikagonga. Wakubwa saba, kila mmoja akielekeza, "bofya kushoto, hapana, juu, rudi," na hakuna aliyeijua njia.

Mama Ndahani akauangalia ukuta ule, kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza dawa, "Hii picha ya baba huyu inatibu nini?"

Nasikiwa akakichukua kipanya polepole mkononi mwa meneja. Mengineyo, kisha mibofyo mingine mitano. Ikatokea ukutani, nyekundu: Chilongani, sotoka ya mbuzi, anaomba dozi mia mbili, siku ishirini na tatu. Chini yake ya pili, siku kumi na nne. Chini yake ya tatu, siku sita.

Na chanjo, wanangu, ilikuwepo. Dozi elfu nne, kwenye jokofu, ukuta wa pili kutoka kwenye kile kikao.

"Kumbe tuliingia," akasema Mama Ndahani. "Tuliingia, tukakosa pa kukaa. Hata huyu mgonjwa wangu viti vyote nimekuta vina majina, nikamweka chini."

Alisema hivyo tu, bila kupaza sauti. Akamgeukia mbuzi wake, akampangusa tongo. Mbuzi alikata roho wakati dereva anapakia sanduku la barafu.

Mama alirudi na gari la ghala na chanjo yake. Katika wale kumi na wanane, kumi na wanne walinusurika. Na mchana ule ule Nasikiwa hakumwuliza mtu. Akaufuta ukurasa wote. Akairudisha ile namba kubwa juu, orodha chini yake, na zile grafu zote akazitia nyuma ya kitufe kimoja, zimepangwa kwa idadi ya watu wanaozifungua. Naibu meneja alikuja juu akidai duara lake limedhalilishwa.

"Mzee, chombo hiki kinahesabu na mibofyo," Nasikiwa akamwambia. "Duara lako limefunguliwa mara mbili kwa miezi mitano. Mara zote mbili ni wewe."

Alipewa barua ya onyo kwa kubadilisha bila kibali. Ukurasa ukabaki alivyoupanga, maana kati ya wakubwa wale saba hakuna aliyejua kuurudisha. Na yale maneno ya Mama Ndahani yalitoka na wahudumu wa chai, yakapita kwa madereva, na kila aliyeyapokea akayachonga kidogo. Jioni mlinzi wa getini alinisomea kama methali iliyokamilika, akaniambia ni ya babu yake.

Mnaniuliza kama mama yule alilipwa fidia. Aliandikiwa barua ya pole, niliichapa mimi. Ilisainiwa na wakubwa wote saba, meneja juu, naibu chini yake, hadi mkuu wa usafiri. Vyeo vyao vilijaza karatasi nzima. Pa kuandika kwamba ni ya Mama Ndahani hapakubaki, ikabidi nigeuze, jina lake nikaliandika nyuma.

Ndiyo maana jana katibu alipoona kamati inagombania meza ya mbele, na bibi mzaa baba wa bwana harusi, aliyepooza miguu, hajapangiwa pa kukaa, hakuhutubia. Alisema moja tu, akakaa: viti vikigawiwa kwa vyeo, mgonjwa hukaa chini.