Kikohozi cha Mzee Kibwana

Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, bibi za bibi zetu hawajazaliwa, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na Mzee Kibwana. Nyumbani kwake hapakuwashwa moto, hapakuchotwa maji, hapakusemwa neno, mpaka yeye akohoe chumbani asubuhi. Kho! Kho! Ndipo watu walipoanza kuishi.

Siku moja alinyamaza makusudi, awapime. Mwanawe Mbaraka akaingia kumtazama. Mbaraka alichapwa na baba yake, mbele ya mke wake mwenyewe.

Basi ikaja asubuhi nyingine. Kimya. Jua likapanda. Kimya. Bi Tatu, mkewe Mzee Kibwana, amesimama mlangoni na mtungi mtupu. Mbaraka amesimama. Wajukuu wana njaa, hawathubutu kulia. Mara, kutoka ndani: kwaru... kwaru...

"Anatupima," Mbaraka akanong'ona.

"Na kama hatupimi?" akauliza Bi Tatu.

"Ingia wewe, mama."

"Nina mgongo mmoja tu, mwanangu."

Kwaru... Sauti ikazidi kufifia.

Akatokea Bi Kidawa, dada mkubwa wa Mzee Kibwana, kigae mkononi, amekuja kuomba kaa la moto. Ndiye anayekumbukwa kijijini hadi leo.

"Jua lote hili, meko baridi? Mmefiwa?"

"Hajakohoa, wifi."

"Nani?"

"Bwana."

"Watu wazima nyinyi, mnangoja kikohozi?" Akatega sikio. Kwaru. "Huyo anakwaruza ukuta! Mbaraka, sukuma mlango!"

"Shangazi, ataniua."

"Na aniue mimi. Nimembeba mgongoni huyo, akininyea."

Pu! Mlango ukafunguka.

Mzee Kibwana alikuwa sakafuni, mdomo umepinda, kucha zimejaa udongo wa ukuta. Wakamwinua, wakamkanda, wakamnywesha uji, tone kwa tone. Ulimi ulichelewa kurudi. Uliporudi, alimwita mkewe, Bi Kidawa akiwa papo hapo.

"Nilikuwa nawasikia," akasema. "Nyote. Mlangoni."

"Nasi tulikusikia, bwana."

"Mngengoja hadi lini?"

Bi Tatu akainamisha macho. "Hadi utuamuru."

Mzee Kibwana akamgeukia dada yake, labda atamtetea.

"Usinitazame mimi," akasema Bi Kidawa. "Uliwafunza, wakafunzika."

Enyi mnaosikiliza, mwenye kutaka kuogopwa na watu wake, hata siku anapokufa wataendelea kumwogopa. Hadithi yangu inakomea hapo, atakayeisimulia asiibadilishe.