Mchungaji Yuko Nyuma

Kimya si kaburi. Bibi Ngolo aliyasema maneno hayo mchana mmoja akimenya karanga za mbegu pamoja na wajukuu wake, wala hakuinua macho. Redio ilikuwa imetoka kutangaza kwamba mwimbaji mmoja wa bendi za zamani ametimiza miaka tisini, kisha mzee mwenyewe akasikika akimshukuru Mungu, sauti imenyooka kabisa.

Sitta aliacha kumenya. "Huyu si alishakufa zamani? Mimi najua ni marehemu!"

Dada yake Minza akaapa kwamba aliwahi hata kusikia habari za mazishi yake. Hapo ndipo bibi aliposema kimya si kaburi, nao wakamng'ang'ania awaambie neno hilo limetoka wapi.

"Menyeni huku mnasikiliza," akasema. "Karanga hazimenywi kwa masikio." Methali hii ilianza hivi.

Katika nchi ya Wasukuma, mavuno yakishaingia ghalani, ngoma hutoka nje. Vyama viwili, Wagika na Wagalu, huingia uwanja mmoja siku moja, kila kimoja na upande wake, na ngoma zote mbili hupigwa kwa pamoja. Hakuna mwamuzi wa kupuliza filimbi wala wa kutoa alama. Miguu ya watu ndiyo huamua. Ngoma ikikuvutia unaikimbilia, ikikuchosha unavuka kwenda ya pili, na jua likizama, upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Kiongozi wa ngoma, ambaye pia hutunga nyimbo, huitwa manju. Manju anayeimba huku anawaona watu wakimpa mgongo, jamani, hilo ni jambo la kuumiza moyo.

Masalu alikuwa manju wa Wagika, na migongo hiyo alikuwa ameiona mavuno mawili mfululizo. Manju wa Wagalu, Shigela, alikuwa akicheza na chatu shingoni. Utashindana vipi na chatu? Masalu alikuwa na sauti nzuri na viuno visivyochoka, ila nyimbo zake zilikuwa mboga isiyotiwa chumvi. Mwaka wa tatu ulipokaribia, wazee wa chama walimwita wakamwambia wazi: akishindwa tena, njuga zake atavuliwa uwanjani mbele ya watu, apewe mwingine. Zilikuwa njuga za baba yake. Masalu alizijua kwa mlio tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na hakuwahi kutaka kitu kingine duniani ila kuzivaa.

Katika kuhangaika akaukumbuka wimbo wa Lutonja.

Lutonja ndiye aliyekuwa manju wa manju. Wazee walisema akiimba, hata wachungaji walisahau ng'ombe katika mashamba ya watu, na wenye mashamba walisahau kuwafukuza. Wimbo wake mkuu ulianza kwa swali, na kwa Kiswahili ni kama hivi:

*Ng'ombe wamerudi, mchungaji yuko wapi?*
*Kwato nimezisikia, filimbi sijaisikia.*

Swali hilo kila mtu alilijua. Jibu lake lilikuwa limepotea. Hakuna aliyelikumbuka, kwa sababu Lutonja mwenyewe hakuonekana uwanjani tangu Masalu akiwa mtoto wa kuchunga ndama.

Ilikuwako desturi. Wimbo wa manju aliyekufa ni mali ya wote waliobaki. Wimbo wa manju aliye hai haukopwi mpaka uende kwake ukamwombe, na anayeuimba bila kumwomba huvuliwa njuga, asicheze tena maisha yake yote. Masalu aliijua desturi hiyo kama jina lake. Lakini Lutonja alikuwa amekufa, hilo nani asiyelijua? Mmoja alisema amekufa mwaka wa nzige. Mwingine alisema hapana, alichukuliwa na mto akivuka kwenda kwa wakwe. Wa tatu alikuwa na hakika kwamba alirogwa na wenye wivu. Kila mtu alikuwa na kifo chake cha kumpa mzee yule.

Mke wake Masalu, Kabula, alimsikia akiufanyia mazoezi wimbo ule nyuma ya zizi.

"Baba Holo, umeuliza?"

"Nimuulize nani, Mama Holo? Kaburi?"

"Hilo kaburi liko wapi, basi?"

Masalu alicheka. "Mtu aliyekuwa na mvi baba yangu akiwa kijana! Huyo hata kama alikuwa na roho saba za paka, zimeshamwishia zote."

Kabula hakucheka. Alirudi kutwanga mtama wake.

Siku ya ngoma ilifika. Watu walifurika uwanjani mpaka wengine wakapanda juu ya mawe makubwa yaliyouzunguka. Asubuhi yote ilikuwa ya Shigela. Alimtoa chatu kapuni, akamvisha shingoni, akambusu kichwani, na watu wakavuka kwake kwa vigelegele mpaka upande wa Masalu ukabaki na ndugu zake na mbwa wawili. Wazee wa Wagika wakawa wanaziangalia zile njuga.

Masalu akanyamazisha ngoma zake zote, ikabaki moja. Akasimama peke yake, akalitoa lile swali. *Ng'ombe wamerudi, mchungaji yuko wapi?*

Mzee mmoja upande wa pili aligeuka. Akageuka na mwenziwe. Walikuwa hawajausikia wimbo ule tangu meno yao yote yakiwa kinywani. Wakaanza kuvuka, wake zao nyuma yao, na vijana wakawafuata wazee kuona kuna nini. Masalu aliwaona wakija uso kwa uso. Alirudia swali mara ya pili, watu mia wakaliimba pamoja naye. Kisha akaingiza maneno aliyoyatunga mwenyewe mahali pa jibu lililopotea:

*Mchungaji amelala, udongo umemfunika.*
*Filimbi nimeiokota, sasa ng'ombe ni wangu.*

Wanawake wakalia. Wengine walikaa chini kabisa, kama watu waliofika msibani. Masalu, machozi yakimtoka kwa huzuni na kwa furaha ya kushinda, akaliimba swali kwa mara ya mwisho, akavuta pumzi ili aingie tena kwenye maombolezo yake.

Sauti nyingine ikatangulia.

Ilikuwa nyembamba, tena ilitetemeka, ila iliukanyaga wimbo mahali penyewe, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amekanyaga miaka yote ile.

*Mchungaji yuko nyuma, ndama mmoja amechoka.*
*Wafungulieni zizi, anakuja polepole.*

Ngoma ile moja ikanyamaza. Watu wakapisha njia bila kuambiwa, na katikati yao alionekana mzee amekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mkwewe ameushika usukani. Alikuwa mdogo, amekauka, macho yamefifia, na blanketi limemfunika mabega ingawa jua lilikuwa kali. Wazee waliokuwa wamevuka kwanza walimtazama, wakatazamana. Mmoja akafunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mwingine, mzee mzima na fimbo yake, akapiga magoti vumbini, akasema, "Ni yeye. Mungu wangu, ni Lutonja."

Jina lilipita midomoni mwa watu kwa minong'ono hadi upande wa pili. Huko kwa Wagalu ngoma ilikatika. Watu wakaja wote, wapigaji na vijiti vyao mikononi, na Shigela mwenyewe akaja akihema, amemwacha chatu kapuni na mfuniko haujafungwa. Uwanja mzima ukawa upande mmoja. Mama mmoja alimnyanyua mtoto wake juu, akamwambia mwangalie, mwangalie vizuri, utakuja kusimulia.

Masalu alielewa kabla ya wengine. Alikuwa amemzika mtu aliye hai mbele ya nchi nzima, akatangaza na urithi. Alitembea mpaka kwenye baiskeli, akainama, akafungua njuga za mguu wa kulia, kisha za kushoto, akaziweka miguuni pa mzee.

"Guku," alisema, maana ndivyo Msukuma anavyomwita babu. "Nimeuimba wimbo wako bila kukuomba. Nilidhani umekufa. Njuga hizi hapa."

Lutonja alizitazama. "Ulimuuliza nani?"

"Sikuuliza, guku."

"Mwamalole ninakoishi si mbali. Asubuhi tumetoka kuja kutazama ngoma, na sasa tuko hapa, na huyu mkwe wangu haendeshi vizuri." Watu wachache walicheka kwa woga. "Magoti yalikataa kucheza, nikaenda kuishi kwa binti yangu. Basi."

"Lakini guku, miaka yote hiyo! Hatukusikia hata neno. Mbona ulinyamaza?"

Mzee alishangaa kweli, kama aliyeulizwa kwa nini ameacha kula. "Nilinyamaza? Nimeimba kila siku. Nawaimbia ng'ombe wa binti yangu. Nawaimbia watoto wa jirani mpaka mama zao wanawaita wakale. Mwaka huu nimetunga nyimbo nne. Aliyenyamaza ni nani, mimi au ninyi?"

Wazee waliokuwa wamempa vifo vile vyote waliangalia chini.

"Kimya si kaburi, mjukuu wangu," alisema Lutonja. "Na kimya chenyewe kilikuwa chenu."

Masalu akasubiri hukumu. Alishakubali moyoni kwamba hatacheza tena. Mzee akamwonyesha mkono wamshushe, mkwewe akamshika, akasimama chini akiyumba. Akautoa mguu mmoja nje ya blanketi, mguu mwembamba wenye makovu ya miiba ya uchungaji.

"Hata hivyo umenilia vizuri," alisema. "Watu wengi huliliwa, lakini nani anayekisikia kilio chake? Nimekisikia changu, nimekipenda. Haya, kuinama siwezi. Nifunge njuga za mguu huu. Za mguu wa pili jifunge wewe."

Masalu alimfunga. Kabula akaja kumshikia kamba. Kisha mzee akamwegemea begani, akauinua mguu ule, akaupiga chini mara moja tu. Njuga zikalia. Masalu akazijibu na zake, na uwanja mzima, Wagika na Wagalu, wakaliimba lile jibu lililokuwa limepotea, wengine wakicheka na wengine wakilia. Jua lilipozama hapakuwa na aliyeshinda wala aliyeshindwa, na hakuna aliyekumbuka kuuliza. Chatu walimkuta kesho yake ndani ya ghala la mtu.

Tangu hapo, mavuno yakiingia, manju alitumwa kwanza kuzunguka vijijini na kubisha hodi kwa wote ambao hawajasikika. Na kila aliyesema "fulani alishakufa" bila kuuliza, alijibiwa neno lile la Lutonja.

Bibi Ngolo alimaliza, akakung'uta maganda kwenye khanga yake. Redioni yule mwimbaji wa miaka tisini alikuwa ameombwa aimbe kidogo, naye alikuwa anakohoa kusafisha koo. Sitta alinyoosha mkono akaongeza sauti.

"Bibi," Minza aliuliza, "na Lutonja alikufa lini?"

Bibi akamtazama kwa mshangao. "Alikufa? Nani amekuletea habari hiyo?"

"Si hadithi ya zamani sana? Wewe mwenyewe ulikuwa hujazaliwa!"

"Ulimuuliza nani?"

Minza akacheka, akarudi kumenya karanga.

"Habari zake sijazisikia siku nyingi," alisema bibi, akichukua karanga nyingine. "Lakini kimya si kaburi."