Mashimo Mia na Mfupa Mmoja

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa na nini?

Na mashimo mia yaliyounganishwa chini kwa chini, yamejaa karatasi za wanyama wote. Na mlangoni, Fisi. Haya, tegeni masikio, na wewe huko nyuma acha kutafuna!

Ukitaka karatasi yako, Fisi alianzia shimo la kwanza. Hodi, hodi, hodi! Angoje aambiwe karibu. Apekue, pekupeku. Haipo! Aende la pili. Hodi, hodi, hodi! Na kila shimo mfupa mmoja, tena kabla.

Akaja Mama Digidigi, mjane wa watu. Kesho asubuhi Nyati anamnyang'anya kisima asipoonyesha karatasi yake. Alikuja na mifupa kumi na mmoja. Shimo la kumi, bado.

"Umebakiwa na mmoja, mama," Fisi akasema. "Rudi ukiwa na tisini."

Mama akatoka analia. Jirani yake Kindi alimwona, moyo ukamuuma sana. Kisima kile ndicho kilichomlea.

"Shoga yangu, huo mmoja usimpe mtu," akamwambia.

Kisha akaenda kwa Fisi akiburuta gunia. Kakara, kakara!

"Shikamoo, mzee. Natafuta karatasi ya babu yangu. Ukiipata, gunia zima lako. Usipoipata, huna chako."

Mate yakamdondoka Fisi. "Marahaba, mjukuu wangu! Panda mgongoni!"

Lo, mbio gani zile! Hodi moja, pekupeku, haipo! Hodi moja, pekupeku, haipo! Na Kindi mgongoni, mkaa mkononi, anaandika kwenye jani la mgomba: shimo hili karatasi za nani, shimo lile za nani. Jua linatua, shimo la mia. Haipo!

Itakuwepo vipi? Babu yake Kindi hakuwahi kuwa na karatasi maishani mwake.

"Basi, mzee, si riziki," Kindi akasema, akajitwika gunia lake la maganda ya njugu. Fisi akaanguka chini, pu!

Asubuhi Mama Digidigi akafika na mfupa wake.

"Shimo la themanini na nne," akasema. "Hilo tu."

Fisi akacheka mpaka akakohoa. Akapiga hodi, akapekua, kicheko kikamkauka. Ipo! Mama akaikumbatia, akakimbia nayo kisimani. Nyati akaisoma mara mbili, akageuka akaenda zake.

Fisi aliporudi mlangoni akakuta foleni. Swala, Ngiri, Kobe, kila mmoja na mfupa mmoja. Mbele yao amekaa Kindi na jani lake.

"Wewe, la saba. Wewe, la hamsini na tisa. Na anayehamisha karatasi aje aniambie nisahihishe!"

Ngano imefika mlangoni, nami natoka nayo. Funzo, wanangu, mlishike: kutafuta kitu kisichokuwepo ni kazi ya mjinga.