Lita Kumi za Maji

Wapendwa, leo naomba mnivumilie. Mfano nilio nao si mtamu, na sijui namna ya kuutia sukari.

Alikuwapo mtu mmoja katika mji huu, nitamwita Luhende, ambaye alimpenda sana baba yake. Lishikeni hilo tangu mwanzo, tusije baadaye tukajifariji kwa kusema kwamba alikuwa mtoto mbaya.

Mama yake alipofariki, Luhende alikwenda kuzika huko Maswa, akamwona mzee anabaki peke yake na ng'ombe. Mzee alikuwa na miaka sabini na minne. Tangu utotoni aliamka kabla ya jua, akawafungulia ng'ombe wake huku akiwaita kwa majina, akawapeleka lamboni kunywa maji, akarudi nao jioni. Luhende akaona huo ni upweke. Ng'ombe wakagawiwa ndugu, mzee akaletwa mjini, ghorofa ya nne, kwenye chumba kisafi chenye godoro jipya na televisheni. Nani kati yetu angemlaumu?

Wiki ya kwanza mzee alishuka ngazi mara moja. Kupanda, magoti yakamgomea ghorofa ya pili, akakaa pale kwenye ngazi mpaka alipokuja kushikwa mkono. Hakushuka tena kwa miguu yake. Akawa mtu wa kiti, karibu na dirisha linalotazamana na ukuta wa jirani.

Eunike, mke wa Luhende, ndiye aliyesema, "Baba anahitaji kitu cha kutunza. Mtu aliyefuga maisha yake yote hawezi kukaa mikono mitupu."

Wazo zuri, au siyo? Luhende akanunua tangi dogo la kioo, la kukaa juu ya meza, kisha akaenda kwa mama mmoja anayeuza samaki wa mapambo. Akachagua samaki wa dhahabu wanne, wazuri, wadogo kama kidole gumba.

Yule mama akamuuliza, "Tangi lako linaingia lita ngapi, kaka?"

"Kumi."

"Basi hawa sikuuzii."

Luhende akadhani ni utani. Yule mama akamwambia, "Hawa unaowaona ni watoto. Huyu anakua anashinda kiganja chako. Anakula sana, anachafua sana, na kwenye maji machache uchafu wake mwenyewe unakuwa sumu. Utambadilishia chakula, utasema anaumwa, utanunua dawa. Haumwi. Ni mahali tu ulipomweka."

"Nikimpa huduma nzuri kabisa?"

"Huduma haiongezi maji, kaka."

Akampa samaki mmoja mdogo wa samawati, wa aina inayoishi peke yake na isiyohitaji nafasi kubwa, pamoja na konokono wawili wa majini. Luhende akauliza tena na tena: maji yabadilishwe lini, chakula kiasi gani, joto likizidi afanye nini. Alirudi nyumbani amefurahi, akaweka tangi mbele ya baba yake. "Baba, nimekuletea mifugo."

Mzee akainama kumtazama yule samaki. "Anatosha humu?"

"Anatosha. Nilitaka wengine, nikaambiwa watakufa. Huyu ndiye wa tangi hili. Nimeuliza vizuri."

"Ni vema uliuliza," mzee akasema. Kisha, kwa sauti ileile ya chini, "Na mimi, mwanangu, ulimuuliza nani?"

Luhende akacheka. Mzee hakucheka. Akasema, "Nirudishe nyumbani."

"Baba, kule utakaa na nani? Hapa kuna hospitali, kuna maji ya bomba. Tulia kwanza mvua zipite, tutaongea."

Mvua zilipita. Mzee alikuwa ameacha kuongea, kisha akaacha kula. Walimpeleka hospitali mara tatu, wakapewa vidonge vya kuleta hamu ya chakula, na madaktari hawakuona ugonjwa. Asubuhi moja Eunike alimpelekea uji, akamkuta kitini amekata roho. Alikuwa amekwisha kumlisha samaki.

Baada ya maziko Luhende alikuja kwangu. Akaniuliza, "Mchungaji, nilimpenda?"

Nikamwambia, "Ulimpenda."

Akasema, "Basi mbona nilimuuliza muuza samaki, sikumuuliza baba?"

Wapendwa, nimesoma chuo cha theolojia, nimehubiri miaka ishirini na moja. Nilikaa naye tu mpaka akachoka kulia, akaondoka vilevile alivyokuja.

Na sisi je? Tunajua mbegu gani inafaa udongo gani. Tunajua gari letu linataka oili ya aina gani, na tukikosea tunalala na wasiwasi. Lakini mama tuliyemhamisha, baba tuliyemfungia ndani kwa usalama wake, tumewauliza wanaweza kuishi wapi? Sisi tumetoa huduma. Tumewapa godoro, tumewapa dawa, tumewapa kila kitu tulichokipenda sisi, na wanakauka mbele ya macho yetu huku tukimshukuru Mungu kwamba tunawatunza. Tusiliite hilo upendo uliokamilika. Upendo usiouliza unaweza kumwua mtu, na ukamzika kwa heshima zote.

Wenye wazazi hai, leo msibaki kunisalimia mlangoni. Nendeni nyumbani, mkae nao chini, mwaulize, kisha mnyamaze mpaka wajibu, hata kama jibu litawaumiza.

Na sisi ambao hatuna tena wa kumuuliza, sina la kutuambia. Nimelitafuta wiki nzima, sikulipata. Tusimame, tuombe.